Jiwe la milimita sita na choo cha mia mbili

Wiki iliyopita dada mmoja tunayeuza naye pale stendi alishikwa na maumivu ya ubavu, akakaa chini kwenye ndoo analia, na wenzetu wakaanza kumpa ushauri uleule niliopewa mimi mwaka juzi, huyu anasema chango hilo, yule anasema UTI imepanda, mwingine kashakimbia duka la dawa. Nikakumbuka nilivyozungushwa miezi minne na jiwe la figo la ukubwa wa punje ya choroko tu. Nikasema jamani hii ngoja niiandike, hata kama itakuwa ndefu.

Mimi niko Mtwara mjini, Chikongola, nauza korosho. Nabangua mwenyewe nyumbani jioni, nakaanga, nafunga vipakti, na alfajiri niko stendi maana mabasi ya Dar yanaondoka mapema na abiria wa Dar ndio wanaonunua zawadi. Anayejua kubangua korosho kienyeji anajua ile kazi, unazitia kwenye karai lililotobolewa, moto unaukoleza mpaka ganda linatoa mafuta na lenyewe linashika moto, moshi mweusi huo, unamwaga chini unazima kwa mchanga, halafu ndio unaanza kugonga moja moja na vidole vimepakwa majivu maana yale mafuta ya ganda yanaunguza ngozi inabanduka kama nyoka. Unatoka jasho mpaka kwenye kope. Na korosho inayovunjika haiuzwi bei ya maana, kwa hiyo vipande nilikuwa nakula mimi. Nagonga nakula, nagonga nakula. Chakula cha mchana mara nyingi kilikuwa hicho, vipande vya korosho na chai ya rangi.

Sasa maji. Hapa ndio nataka mnielewe vizuri, maana daktari aliponiuliza nakunywa maji kiasi gani nilimjibu nakunywa ya kutosha, na nilikuwa naamini hivyo kabisa. Ukweli nilikuwa nayakimbia. Choo cha pale stendi ni mia mbili kuingia, na mia mbili siyo hela ndogo kwa mtu anayepata faida ya mia mbili kwenye pakti moja, halafu ukienda chooni lazima umwombe mtu akushikie beseni, unarudi pakti mbili hazipo na basi limeshaondoka na wateja. Kwa hiyo nilijizoesha tu. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nane mchana kikombe kimoja cha chai, basi. Mkojo ukitoka ni wa njano iliyoiva kama mafuta ya mawese na unanuka, mimi nasema ah, joto la Mtwara.

Maumivu yalianza usiku mwezi wa kumi na moja, katikati ya msimu. Nililala vizuri tu, saa saba nikaamshwa na kitu mgongoni upande wa kulia, chini ya mbavu pale, kama mtu kaingiza mwiko anakorogea. Kikazunguka kikaja mbele kikashuka mpaka kwenye kinena. Nimezaa watoto watatu, wote njia ya kawaida bila kupasuliwa, na nawaambia uchungu wa mtoto una mapumziko, huu haukuwa nayo. Siwezi kulala, siwezi kukaa, siwezi kusimama, nilizunguka chumba kizima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikatapika. Mume wangu akatoka na kaptula kwenda kutafuta bajaji.

Baadaye niliambiwa kwamba ule mzunguko wangu ndani ya chumba peke yake ulikuwa ushahidi. Mwenye kidole tumbo analala kimya hataki hata kitanda kitikiswe, maana kila akijisogeza inauma zaidi. Mwenye jiwe hatulii. Lakini mimi usiku ule nilijuaje, na yule kijana wa zamu kwenye zahanati yeye alinikuta nimeshachoma sindano ya maumivu kwenye duka la dawa njiani, niko mpole nimekaa kwenye benchi.

Wakapima mkojo. Kuna damu, kuna chembe za usaha chache. Nikapewa antibayotiki za UTI, na kwa kuwa kuna damu na mimi ni mtu wa kusini nikapewa na vile vidonge vikubwa vya kichocho. Simlaumu sana, kichocho cha mkojo huku kwetu kipo kweli, na dalili yake ya kwanza ni hiyo hiyo damu, na watu waliokulia mabondeni huko wakicheza kwenye madimbwi wameshakojoa damu utotoni wakaona ni kawaida. Lakini kichocho kinatakiwa kionekane, mayai yake yanatafutwa kwenye hadubini, na mkojo mzuri wa kuyatafuta ni ule wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana ndio mayai yanatoka kwa wingi. Mimi mkojo wangu ulichukuliwa saa tisa usiku na hakuna aliyetafuta yai lolote.

Asubuhi maumivu yakaondoka. Yaani kama hayakuwepo. Nikamaliza dozi, nikawaambia watu ile dawa kiboko. Kumbe mawe ndivyo yalivyo, linaposogea linakwama mrija unabana unajikamua kulisukuma, hapo ndio unakufa, likitulia au mkojo ukipata upenyo wa kupita pembeni, maumivu yanakata. Dawa yoyote utakayokuwa umemeza siku hiyo ndiyo itakayopata sifa, iwe antibayotiki iwe mizizi. Mama mkwe wangu alikuwa ameniletea mizizi ya chango kutoka Newala nikainywa pia, kwa hiyo sifa waligawana.

Yakarudi baada ya wiki tatu. Yakaenda. Yakarudi. Safari hii likaongezeka jambo jingine, mkojo wa kila mara. Nikitoka chooni nasikia tena, nikienda ni matone mawili yanachoma. Nani hatasema UTI hapo? Mimi mwenyewe nilisema UTI. Nikapewa antibayotiki ya pili, kali zaidi, halafu ya tatu ya sindano, na sehemu moja nikaambiwa hata mume wangu aje atibiwe, tukaja tukagombana nyumbani kwa ajili ya hilo, hayo siyaandiki.

Ndipo nikaandikiwa altrasaundi. Nikafurahi, nikajua sasa kitajulikana. Nikalala, nikapakwa ile jeli ya baridi chini ya kitovu, dada akapitisha kile kifaa, dakika tano nyingi, akasema mama kizazi kizuri, kuna kauvimbe ka maji kadogo kwenye ovari. Ripoti ikachapwa. Na mimi nikatoka na jina jipya la ugonjwa, nikatibiwa kauvimbe ka maji mwezi mzima, wakati tuvimbe twa namna ile kumbe wanawake wengi tunakuwa nato kila mwezi tunakuja na kuondoka wenyewe.

Ile karatasi ninayo mpaka leo. Nilipokuja kuisoma vizuri baadaye, juu kabisa mahali pa kuandika kipimo kinachoombwa pameandikwa nyonga. Basi. Daktari aliomba nyonga, mpimaji akaangalia nyonga, akakuta nyonga haina shida, akaandika. Figo haziko kwenye nyonga, ziko juu mgongoni huko, na hazikuguswa hata kidogo. Hakuna aliyenidanganya pale. Ila mimi nilitoka nikiwaambia watu nimepigwa altrasaundi tumbo zima niko salama, na kila daktari aliyefuata nikimwambia hivyo naye akaacha kuwaza figo. Nilijifungia mlango mwenyewe.

Aliyeufungua ni mzee mmoja mpimaji, mahali pengine kabisa, nilikoenda kwa sababu tu foleni ilikuwa fupi. Huyu kabla hajapaka jeli akaniuliza, "Mama, hebu niwekee mkono yanapoanzia." Nikaweka mkono mgongoni. Akaniangalia, akaangalia ile ripoti ya kwanza, akasema, "Sasa mbona wenzangu hawakupita huko?" Akanigeuza ubavu, akaniambia vuta pumzi shikilia, figo ikatokea kwenye skrini. Nilikuwa sijawahi kuona figo yangu. Ina umbo la haragwe kama tulivyofundishwa shuleni, na ndani yake katikati palikuwa na weusi umetanuka kama ua. Akanionyesha na ya kushoto, haina ule weusi. Akasema kwenye altrasaundi maji ni meusi, kile ni mkojo umejaa umekosa pa kupita, figo imevimba kwa maji, "ukikuta nyumba imefurika ujue mfereji umeziba huko chini."

Nikamwambia basi nionyeshe kilichoziba. Akasema hapo ndipo penye tabu. Jiwe likiwa ndani ya figo altrasaundi inaliona vizuri, linang'aa jeupe na nyuma yake linaangusha kivuli cheusi, kama mtu aliyesimama juani. Lakini likishashuka kwenye ule mrija unaotoka figo kwenda kibofu, mrija wenyewe mwembamba, umepita nyuma ya utumbo, na utumbo una hewa, mawimbi ya altrasaundi yakikutana na hewa yanatawanyika huoni kitu. Kwa hiyo altrasaundi ikisema haijaona jiwe haimaanishi jiwe halipo, inamaanisha pale ilipoweza kufika halikuwepo. Mawe ya kwenye mrija yanayoikwepa ni mengi.

Akasema kuna ujanja mmoja, kibofu kikijaa maji kinakuwa kama dirisha, anaweza kuchungulia sehemu ya mwisho kabisa ya mrija pale unapoingilia kibofu. Nikapewa chupa ya lita moja na nusu nikae nje ninywe nisiende chooni. Mimi huyu, bingwa wa kubana mkojo stendi nzima ya Mtwara, nilishindwa kumaliza hata nusu saa. Nilikimbia chooni nikatoa matone. Nikarudi nimeona aibu nikamwambia, yeye akacheka akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu. Akaniambia jiwe likishafika mlangoni kwa kibofu linakichokoza, kibofu kinadhani kimejaa, unasikia mkojo kila saa. "Ndiyo maana wanakutibu UTI."

Miezi minne hiyo.

Daktari wa pale akasema tupige eksirei kwanza maana ni rahisi bei, mawe mengi yana kalsiamu na kalsiamu inaonekana kama mfupa unavyoonekana. Akaniuliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini, hilo wanawake tulijue, mionzi haipigwi kwenye tumbo la mwanamke kabla hawajajua kama ana mimba. Nikapigwa. Kijana wa eksirei akatoka na sura ya ajabu ananiita pembeni, anajing'atang'ata, mwisho akasema, "Samahani mama, kiunoni kuna... vitu." Shanga. Nilikuwa na shanga zangu kama mwanamke yeyote wa pwani, nikavua nguo za juu nikavaa gauni lao, shanga hakuna aliyeniambia nivue na mimi sikuwaza, na kwenye picha zimejipanga mstari mweupe safi umepita palepale wanapotaka kutafuta kitu kidogo cheupe. Ikabidi irudiwe. Kwa hiyo dada zangu mkiitwa eksirei ya tumbo, shanga vueni nyumbani msinywe mionzi mara mbili kwa ajili ya urembo.

Ya pili ikaonyesha vidoa vyeupe viwili chini kule upande wa kulia. Nikadhani nina mawe mawili. Daktari akasema inawezekana, na inawezekana kimoja siyo jiwe, maana kwenye mishipa ya damu ya nyonga huwa kunaganda vipunje vya kalsiamu ambavyo havina madhara yoyote na kwenye eksirei vinafanana na jiwe kama pacha. Eksirei inakuonyesha kila kitu kimelaliana kwenye bapa moja, haikuambii kipi kiko ndani ya mrija na kipi kiko pembeni. Ikabidi CT skani.

Hela ya CT ilikuwa hela yangu ya kununulia korosho ghafi msimu ule, nilikuwa naitunza kidogo kidogo, ikaondoka karibu yote. Bima sikuwa nayo. Nilikaa nayo mkononi kwenye foleni naihesabu tena kama vile itazaa. Kipimo chenyewe kifupi kuliko nilivyokuwa naogopa, unalala kwenye kitanda kinaingia kwenye duara, unaambiwa usipumue, kinatoka, dakika chache kwisha. Sikuchomwa dawa yoyote ya mshipani, kwa mawe haihitajiki na hata inaweza kulificha jiwe kwa sababu dawa yenyewe inaonekana nyeupe. Mionzi yake ni mingi kuliko ya eksirei moja, ndiyo maana haipigwi ovyo na kwa mjamzito na watoto wanaanza na altrasaundi, lakini kwa kutafuta jiwe hakuna kinachoishinda, mawe karibu yote inayaona na inakuambia lilipo na ukubwa wake.

Ripoti ikasema jiwe moja, milimita 6, mwisho wa mrija wa kulia karibu na kibofu. Kile kidoa kingine ni mshipa. Na pembeni kukawa na namba, 1,100 na herufi HU. Nikamuuliza yule mtaalamu wa mionzi HU ndiyo nini, akanyanyua kichwa kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa, akaniambia ni kipimo cha ugumu wa kitu machoni pa CT, maji ni sifuri, hewa iko chini kabisa hasi 1,000, mfupa uko juu. Jina linatokana na Mwingereza Godfrey Hounsfield aliyeitengeneza hiyo mashine, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, na huyo Cormack alizaliwa Johannesburg, hesabu zake alianza kuzipiga akiwa Cape Town. Nikasema kumbe na Afrika imo. Namba kubwa kama yangu mara nyingi ni jiwe la kalsiamu. Mawe ya asidi ya yuriki yanakuwa na namba ndogo, chini ya 500 hivi.

Hilo la asidi ya yuriki lina kisa chake kwetu. Mjomba wangu yuko Lindi, mtu wa nyama na dagaa kwa wingi na uraka, ile pombe ya mabibo, msimu wake ukifika, ana gauti, yale maumivu ya viungo yanayoletwa na asidi hiyohiyo ya yuriki, kwenye kidole gumba cha mguu miaka na miaka. Alishikwa na maumivu kama yangu kabla yangu, akapigwa eksirei, safi kabisa, akaambiwa hana jiwe, na akawa anamtukana mke wake kwamba anamlisha vibaya. Kumbe mawe ya asidi ya yuriki eksirei haiyaoni, inapita kama kwenye kioo. Altrasaundi ndiyo iliyokuja kuliona, limekaa kwenye figo na kivuli chake. Na lake hata matibabu ni tofauti, alipewa dawa ya kupunguza uchachu wa mkojo, likayeyuka taratibu. La kalsiamu haliyeyuki kwa dawa, hata ukinywa nini, na wanaouza chupa za kuyeyusha mawe yote nawaachia Mungu.

Daktari akanikalisha akaanza kuniuliza maisha. Mimi nikamwahi, nikamwambia ni maji ya chumvi, maana huku pwani visima vingi maji yake yana chumvichumvi na kila mtu anajua ndiyo yanayoleta mawe. Akasema kila mtu anajua, lakini maji yenyewe siyo mshitakiwa mkubwa, kosa kubwa ni kutokuyanywa. Akaniuliza, "Umeshaona mashamba ya chumvi?" Nani Mtwara hajayaona. Akasema basi, maji ya bahari yakiwa mengi chumvi huioni, imo lakini imeyeyuka, ukiyafungia kwenye jaruba jua likayakausha yanapungua, yanapungua, mwisho chumvi inaganda chini. "Figo zako umezifanya jaruba." Kwenye mkojo kuna kalsiamu na kuna kitu kinaitwa oksaleti, vikiwa kwenye maji mengi vinapita, maji yakipungua vinashikana vinatengeneza fuwele, fuwele inakaa inakua.

Akaniuliza nakula nini. Nilipotaja vipande vya korosho akaweka kalamu chini. Korosho ina oksaleti nyingi, na karanga, na mchicha, na hata chai ya rangi iliyokolea inayo. Nikamwambia daktari, ukisema hivyo nusu ya Mtwara na Newala na Tandahimba yote tungekuwa na mawe. Akakubali, akasema konzi moja ya korosho haimpi mtu jiwe, lakini ugali wako wa mchana ni korosho, kinywaji chako ni chai, maji hakuna, jasho linamwagika kwenye moto, jioni unakula ng'onda. Ng'onda nayo imo, siyo kwa samaki wake, kwa ile chumvi, chumvi ikizidi mwilini figo zinaitoa na inatoka imeshikana mkono na kalsiamu. Akauliza kuna mtu kwenye ukoo, nikamtaja mjomba, akaandika.

Kilichonishangaza zaidi ni maziwa. Nilishaambiwa na watu jiwe ni kalsiamu kwa hiyo acha maziwa acha dagaa wenye mifupa. Daktari akasema kinyume, kalsiamu ya kwenye chakula inakutana na oksaleti hukohuko tumboni, vinashikana vinatoka na choo kikubwa, havifiki kwenye figo. Ukiacha maziwa oksaleti inabaki peke yake inapenya kwenye damu mpaka figo. Kwa hiyo kama nakula mchicha nile na dagaa au nimalizie na mtindi. Mchicha niuchemshe nimwage maji ya kwanza. Ndimu nikamulie kwenye maji ya kunywa kwa sababu ina kitu kinachozuia zile fuwele kushikana. Vitamini C za vidonge zile tulizojifunza kutafuna wakati wa korona niache, zikizidi mwili unazigeuza oksaleti.

Kuhusu jiwe lenyewe akasema milimita 6 iko mpakani. Yale ya chini ya 5 mengi yanatoka yenyewe, kuanzia hapo mpaka 10 ni kama kurusha shilingi, yakizidi hapo mara nyingi yanafuatwa hukohuko ndani yakatolewe. Kwa kuwa langu lilishafika mlangoni akanipa wiki nne, na dawa ya kulegeza mrija, tamsulosini, ambayo duka la dawa walinishangaa eti hii ni ya wazee wa tezi dume wewe mama unaipeleka wapi. Na ya maumivu. Na onyo moja alilirudia mara mbili mpaka nikaogopa, nikipata homa na kutetemeka huku jiwe limeziba nisingoje asubuhi, niende hospitali usiku huohuo, maana mkojo uliooza nyuma ya jiwe unaingia kwenye damu na unaua haraka.

Nikawa nakojolea kwenye kopo kupitia chujio la chai. Chujio la zamani, msiulize, jipya nilinunua la jikoni. Siku ya kumi na saba, asubuhi, maumivu makali ya dakika kumi, halafu kitu kikapita kama mchanga wenye miba, nikasikia ti, kwenye waya wa chujio. Nikaketi palepale sakafuni. Kwa macho ni kahawia, lina vipembe vipembe kama tunda la mbigiri lililokauka, na ukilishika kwenye ncha ya kidole halina uzito wowote. Mume wangu akaliangalia, akaniangalia, akasema, "Hili?" Nikamwambia hilohilo.

Altrasaundi ya kurudia nilifanyiwa na mzee yuleyule, ule weusi wa figo ukawa umepotea, haragwe limerudi kuwa haragwe. Akasema nisifurahi sana, karibu nusu ya waliowahi kupata linawarudia ndani ya miaka kumi.

Basi yule dada wa wiki iliyopita nilimwambia mambo mawili tu, asimame aweke mkono panapoanzia, na kama anaandikiwa altrasaundi aangalie kwenye karatasi kama figo zimeandikwa. Alirudi jioni, lake liko bado ndani ya figo, milimita 4. Tukacheka maana naye ni wa vipande vya korosho.

Mimi sasa hivi chini ya meza yangu kuna dumu la lita tatu lenye ndimu, saa nane linatakiwa liwe tupu. Choo naenda mara nne kwa siku, mia nane hiyo, beseni ananishikia muuza maji naye mimi namshikia lake. Kijana wa mlangoni kwenye choo alinivumilia mwezi wa kwanza, wa pili akaniambia mama wewe sasa ni mteja wa jumla, lipa mia tano kwa siku nzima.